Anti, mgeni akisema "si" kumbe anasema ndio, nimekwisha

Anti shikamoo,

Naomba jina langu usilitaje, wenzangu hapa mjini wanakusoma sana na utani wa kijiweni kwetu unaujua.

Mi ni dereva na mwongoza watalii, niko Arusha, nina miaka 31, mke na mtoto mmoja. Miaka sita nimebeba wageni wa Kiingereza na maisha yakawa yanasogea, ila sote kwenye hii kazi tunajua, mwenye lugha nyingine ya wageni ndo anapangiwa safari nzuri, sisi wengine tunabaki kuosha magari na kusubiri simu. Basi mwaka jana nikajilipia kozi ya Kifaransa, miezi mitatu, jioni jioni baada ya kazi, na usiku naangalia vidio kwenye simu mpaka mke akawa ananuna. Nikafika mahali najitambulisha vizuri, nahesabu, wanyama nawataja wote mpaka nungunungu. Alafu shetani akanipitia, nikaandika kwenye sivii "Kifaransa: fasaha". Kampuni moja ikanichukua.

Safari ya kwanza nikapewa Wafaransa wanne, wastaafu, wapole kabisa, siku sita, Tarangire, Serengeti mpaka Ngorongoro. Anti, kila nilipokosea nilikosea kwenye kukataa na kukubali, sio kwingine. Nikueleze.

Asubuhi ya kwanza kambini mhudumu hajui Kifaransa, nikajitia kimbelembele nimhudumie mama mmoja kahawa. Nauliza "Du lait ? Du sucre ?" Ananijibu anatabasamu, "Ni lait ni sucre, merci." Sasa mi nimesikia nini? Nimesikia ni maziwa, ni sukari, asante. Nikamwekea maziwa, nikamwekea sukari vijiko viwili vya kujaa kama tunavyokunywa sisi. Akaonja akaiweka pembeni. Kesho yake hivo hivo. Siku ya tatu akawa anaomba maji ya moto tu.

Siku hiyo hiyo ya kwanza tuko Tarangire, imefika saa saba mchana, tumezungukwa na tembo, mi kwa adabu zangu nauliza "Vous n'avez pas faim ?" yani hamna njaa? Wote kwa pamoja "Si !" na babu mmoja akaongeza "si, si, si !" huku anajipigapiga tumbo. Nikajua wamesema sio, hawana njaa, na ule mkono tumboni kwetu si ndo ishara ya kushiba? Nikakanyaga mafuta. Lanchi boksi zimekuja kufunguliwa saa tisa na nusu.

Serengeti nako. Jioni wanaongea nyuma ya gari, nasikia "On n'a vu que des zèbres." Mwalimu wetu alituambia ukisikia ne, au ile n' kabla ya irabu, ujue hapo pamekanushwa. Basi nikaelewa wanalalamika hawajaona pundamilia. Nilishangaa kidogo maana tulipita kwenye mamia, ila mteja ni mfalme, nikageuza gari nikawarudisha kwa pundamilia na nikasimama nusu saa nzima. Gari zima kimya. Redioni wenzangu wanaitana kuna chui mtini upande wa Seronera.

Alafu kuna muda wanakataa na mi hilo kataa silisikii kabisa. Siku ya mwisho jua bado lipo juu, mmoja akasema "On veut pas rentrer maintenant", mi nimeshika hapo kwenye kutaka na kurudi na sasa hivi, nikawarudisha loji saa kumi.

Bahasha ya tipu ilikuwa nyepesi, hilo nimelimeza. Kilichoniuma ni ujumbe waliomtumia bosi, kwamba kijana ni mkarimu, anaendesha vizuri, lakini hatusikilizi. Anti, mi nisisikilize? Nilikuwa nasikiliza mpaka shingo inauma! Sasa ofisini wananiita Musyuu Si, yani Bwana Si. Bosi kasema kuna familia ya watu watano inakuja tarehe 14 mwezi ujao, nikiharibu tena basi. Nimwambie ukweli kuhusu ile sivii au nikaze? Au niache Kifaransa nihamie Kihispania ambacho watu wanasema ni rahisi?

Wako,
Musyuu Si

*

Marahaba mwanangu.

Nimecheka mpaka machozi pale kwenye pundamilia, nisamehe. Nikaacha kucheka nilipofika kwenye "hatusikilizi", maana naamini kabisa ulikuwa unasikiliza, ila ulikuwa unasikilizia mahali sipo, na hilo linatibika kabla ya tarehe 14.

Kihispania kwanza tukitoe njiani. Huko "sí" ndo ndiyo yenyewe, ya kila siku, asubuhi mpaka jioni. Kwa hiyo ukikimbilia huko jina la Musyuu Si linakufuata mpaka getini.

Mi mwenyewe Kifaransa sikukisomea darasani. Nilikiokota hapa hapa Arusha enzi ile mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ipo pale AICC, kile kituo cha mikutano ya kimataifa, ile iliyoundwa 1994 ikafungwa mwishoni mwa 2015. Lugha za kazi zilikuwa Kiingereza na Kifaransa, mji ulijaa wakalimani na mawakili na makarani kutoka kila kona, na watu wote hao saa saba walitaka kula. Mi nilikuwa napika, napeleka na hotipoti. Kifaransa changu chote kina harufu ya vitunguu, ila hela zangu zimeingia kwa lugha hiyo hiyo, kwa hiyo ninachokwambia nimekilipia.

Haya. Jambo la kwanza, ambalo sijui kwa nini walimu hawatuambii Waswahili siku ya kwanza kabisa ya kozi: yale maneno mawili madogo, "si" na "ni", Wafaransa wanayo kama sisi, ila wameyageuza miguu juu. Kwetu "ni" ni ya kukubali, huyu ni simba. "Si" ni ya kukataa, huyu si simba. Kwao "ni" ndo inakataa, ni ile "wala" yetu, na "si" ndo inakubali. Yule mama alikwambia "wala maziwa wala sukari, asante". Ukikutana na sentensi nzima itakuja hivi, "Je ne prends ni lait ni sucre", situmii maziwa wala sukari, na ukiona "ni" imekuja mara mbili zimefuatana kama mapacha basi ondoa vyote viwili mezani. Tena na ile "merci" yake, ikija kama jibu la kitu ulichomkaribisha, mara nyingi ni ya kukataa kwa heshima, kama mtu wa Pwani anavyokwambia "ahsante" huku kafunika kikombe na kiganja.

Na "si" ya babu. Hiyo Wafaransa wameitengea kazi moja, mtu akikuuliza kwa kukanusha na wewe unataka kumpinga. Hamna njaa? Tunayo! Hujanielewa? Nimekuelewa bwana! Hapo "oui" haitoshi, wanaweka "si". (Kuna "si" nyingine ya "kama", s'il pleut, mvua ikinyesha, hiyo unaijua, haina ugomvi na mtu.) Kwa hiyo watu wanne walikuwa wanakupigia kelele kwamba wana njaa, babu kakuonyesha mpaka tumbo, na wewe ukawapeleka mbele. Mungu akusamehe.

Sasa ugeuze upande wa pili, maana hapa utaumia wewe ukijibu. Kiswahili tunajibu kwa kukubaliana na maneno ya muuliza swali. "Hujala?" "Ndiyo, sijala." Yani ndiyo, ulivyosema ni sawa. Mfaransa hajali swali limekaaje, anaangalia jambo lenyewe lipo au halipo. "Tu n'as pas mangé ?" na kweli hujala, jibu ni "Non". Umekula? "Si". Mgeni akikuuliza asubuhi "Il n'y a pas de problème avec la voiture ?" na gari ni nzima, ukamjibu "Oui" kwa moyo mweupe kama unavyojibu kwenu, huyo hapandi, utamwona anaanza kuzunguka kuangalia matairi. Sema "Non, non, pas de problème" na uwashe gari.

Dawa rahisi kuliko zote, na hii ndo uibandike kwenye dashibodi: usiulize kwa kukanusha. Najua kwetu ndo adabu, hamjachoka jamani, hamna njaa, hamtaki maji. Kwao haina uzuri wowote wa ziada. Uliza wazi, "Vous avez faim ?", "Vous êtes fatigués ?", utapata oui au non na wote mtakula kwa wakati.

Jambo la pili ndo lililokuharibia Serengeti, na hapa mwalimu wako hakukudanganya, alikupa nusu. Alikwambia sikiliza ne. Ngoja nikuonyeshe kwa Kiswahili. Anasoma, hasomi. Unaona kitenzi kimebanwa? "Ha" mbele, "i" nyuma, "som" katikati kama nyama kwenye sambusa. Kifaransa ni vile vile, il ne lit pas, ne mbele, pas nyuma. Mpaka hapo tuko ndugu. Tofauti ni uzito uko wapi. Kwetu uzito uko mbele, mtu akifungua tu mdomo akasema si, hu, ha, umeshajua anakataa kabla hajamaliza. Ile "i" ya nyuma hata isipokuwepo haidhuru, mbona tunasema hafikiri, hasahau, hajibu, hakuna kilichobadilika mwishoni na tunaelewana. Kwao ni kinyume, uzito uko nyuma, na cha mbele ndo kinachodondoka. Kwenye maandishi na kwenye mtihani ne ipo imenyooka, ila watu wakiongea nyuma ya gari lako ne wameimeza. "Je ne sais pas", sijui, inakuwa "j'sais pas" na kwa sikio letu ni kama mtu kasema "shepa". "C'est pas grave", si kitu. "Y a pas de souci", hamna shida. "On veut pas rentrer maintenant", umeona, ne haimo kabisa, pas imejificha katikati na wewe ulikuwa umeshashika taka na rudi unatafuta barabara ya loji.

Kwa hiyo masikio yako yana tabia ya Kiswahili, yanasubiri kataa mwanzoni, likikosekana yanajua ni kubali. Yafundishe uvumilivu. Kitenzi kikishapita, subiri kidogo tu, usikie nini kinafuata nyuma yake, pas, jamais, rien, plus, personne, hapo ndo mgeni anasema anachotaka.

Mkalimani mmoja aliyekuwa anakula kwangu ndo alinieleza kwa nini pas ina nguvu hivyo. Zamani sana Mfaransa alikuwa anakanusha kwa ne peke yake. Pas ni neno la "hatua", mtu anasema sitembei, alafu anakazia, sitembei hata hatua. Walikuwa nayo mengi, point yani nukta, goutte yani tone, mie yani chembe ya mkate, kama sisi tunavyosema sina hata chembe, hakunywa hata tone. Miaka ikaenda, hatua ikawapiku wenzake wote, ikazoeleka mpaka ikawa ndo kataa lenyewe, na ne ikabaki kama mlinzi wa geti la nyumba iliyohamwa. Nilivyoelezwa hivyo sikusahau tena.

Na sasa hao pundamilia wako. Ne ikija na que nyuma ya kitenzi sio kukanusha, ni "tu", ni "peke yake". Na usiseme ni ajabu, maana Kiswahili tunayo hiyo hiyo: "hatukuona ila pundamilia". Mtu akikwambia hivyo utampeleka kwa pundamilia? "On n'a vu que des zèbres", hatukuona ila pundamilia, tumewaona mpaka basi, tupeleke kwingine. Tafsiri que kuwa "ila" na mambo yatajipanga yenyewe. Mgeni akisema "Il ne reste qu'une bouteille d'eau", haijabaki ila chupa moja, sio kwamba maji yameisha.

Kuna ne nyingine ya uongo, hii utaisikia zaidi kwa wazee wenye Kifaransa cha kistaarabu kama hao wako. Wingu limetanda, babu anasema "Rentrons avant qu'il ne pleuve." Ne ipo, kukanusha hakuna, anasema turudi kabla ya mvua. Na kabla hujasema Wafaransa wamechanganyikiwa, we mwenyewe unasemaje? "Turudi kabla mvua haijanyesha." Haijanyesha! Kukanusha kuko wapi hapo? Hakuna, ni mazoea ya neno "kabla" tu. Nilipoligundua hili nilikuwa namenya viazi, nikasimama na kisu mkononi, watu wa mbali vile na sisi tunakosea sehemu moja. Au tunapatia.

Kosa langu mimi lilikuwa la "plus". Huyo huyo mkalimani, mtu wa Afrika Magharibi, alipenda sana ndizi nyama zangu, siku moja nimempakulia anasema "J'en veux plus", nikaongeza. Anasema tena, "J'en veux plus !" nikaongeza, nikajua leo kaja na njaa ya wiki. Sahani ikawa mlima. Kumbe plus ina sura mbili, s ya mwisho ikisikika anataka zaidi, s ikimezwa anasema sitaki tena, imetosha, na kwa kuwa ne ameimeza pia hamna kitu kingine cha kukusaidia isipokuwa hiyo s. Alikula kwa heshima yangu, mpaka leo namwonea huruma. Kwenye "plus grand" s haisikiki na bado maana yake ni zaidi, kwa hiyo usiifanye sheria ya mahakamani, ila kwenye chakula na vinywaji inakuokoa. Ukiwa na wasiwasi uliza "Encore ?", yani niongeze?, na uangalie mkono wake, ukifunika sahani umeelewa.

Hayo mengine ni mepesi kwa sababu Kiswahili chako kimeshakuandaa. Ne plus ni ile "tena" yetu, "Il n'y a plus de lions ici", simba hawapo tena, walikuwepo wameondoka. Pas encore ni ile "ja" ya hatujaona, "On n'a pas encore vu de léopard", bado hatujaona chui, yani matumaini yapo. Jamais ni hatujawahi. Tena angalia utofauti huu maana kwa mwongoza wageni ni pesa: ukisema pas encore mgeni anakaa na kamera tayari, ukisema plus anafunga kamera.

Rien na personne hazitaki pas pembeni yao, usiwarundikie. "Je n'ai rien vu", sijaona kitu. "Je n'ai vu personne", sijaona mtu, na hapo personne inakaa mwisho kabisa wakati rien imeingia katikati, usiniulize kwa nini, kariri.

Kwenye kusema kwako mwenyewe kuna kosa moja nina hakika unalifanya hata kama hujalitaja, maana tunalifanya wote. Ukikanusha, zile un, une, des na du zinageuka kuwa de. Il y a des girafes, sawa, lakini "Il n'y a pas de girafes dans le cratère", na hiyo sentensi ishike kabisa kwa sababu kila familia itakuuliza twiga wako wapi mkishuka Ngorongoro, na chini kule twiga hawapo. Isipokuwa kwenye c'est, hapo havibadiliki. "Ce n'est pas un guépard, c'est un léopard." Sio duma, ni chui. Ukisema "pas de guépard" hapo umesema kitu kingine, kwamba duma hakuna.

Za kuamrisha utazihitaji siku ya kwanza tu: "Ne sortez pas de la voiture", msitoke kwenye gari, "Ne vous levez pas", msisimame. Hizi we zitamke na ne yake yote, polepole, hata kama wao wanaimeza. Kuna watoto kwenye familia ya watu watano na simba hajui sarufi. Kwenye mabango utakuta kitenzi kizima hakijaguswa, na ne na pas zimekaa pamoja mbele yake, "Ne pas nourrir les animaux", yani usilishe wanyama, usishangae, ndo lugha ya mabango.

Na nikuonye kuhusu sifa. Mfaransa akitoka kwenye chakula cha loji akasema "C'est pas mal", usinyong'onyee, amekisifia huyo, kwao pas mal ni nzuri kweli, wana uchoyo kidogo wa sifa za moja kwa moja. Lakini akisema "C'est pas terrible", usiseme alhamdulillah sio kibaya sana. Pas terrible ni kibovu. Tafuta mpishi.

Sasa bosi. Mwambie. Sio wiki ya safari, mwambie wiki hii, kaa naye chini umwambie bosi niliandika fasaha na nilikuwa najifunza, nimeshajua nakosea wapi, naomba hii familia unipe lakini uwaambie mapema kwamba Kifaransa changu ni cha kuelewana sio cha hotuba. Atakasirika. Ila kumbuka malalamiko waliyomwandikia hayakusema hujui Kifaransa, yalisema husikilizi, na bosi sahivi anaamini una dharau. Kutojua lugha kunasameheka haraka kuliko dharau. Akikunyang'anya hiyo safari baada ya ukweli, nitakuwa nimekukosesha safari moja, nilaumu. Ukinyamaza ukaharibu ya pili, hutapata ya tatu kwa kampuni yoyote, huu mji ni mdogo na madereva mna midomo.

Wageni nao siku ya kwanza kabla hamjatoka mjini waambie, "Parlez lentement, s'il vous plaît", yani ongeeni polepole tafadhali. Hakuna atakayekudharau. Hao wastaafu wako wangejua wangekusaidia, wewe ulijifanya umeelewa ukawa unatikisa kichwa, ndo maana wakaona huwasikilizi.

Mpaka tarehe 14 acha vidio za kuhesabu na wanyama, hizo umeshazimaliza. Tafuta Mrundi au Mkongomani, makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yapo hapo hapo mjini, Burundi na Kongo zote wanachama, hukosi mmoja kwenye mgahawa wa mchana. Mnunulie chakula, mwambie akuulize maswali ya kukanusha tu, nusu saa, tu n'as pas de frères, tu n'es pas marié, na wewe ujibu si au non bila kufikiri. Mke unaye, kwa hiyo hapo kwenye marié uropoke "Si !" kabla hajafunga mdomo. Uzuri wake ukikosea atakucheka kwa Kiswahili, na atakueleza kwa Kiswahili pia.

Na asubuhi ya kwanza kambini, ukisikia tena zile ni mbili zimefuatana, mimina kahawa nyeusi, weka mezani, ondoka.

Anti